Fungu la Mtoto

Masomo: Marko 5:35–43, Kutoka 2:1–10, Kutoka 16:13–21, Yoshua 5:10–12



Leo tunataka kuwafundisha juu ya jambo moja tu, nalo ni chakula cha mtoto mdogo na cha mama anayembeba au anayemnyonyesha. Labda mmoja atauliza: Je, uji na maharagi ni mambo ya kuhubiri? Hizo si kazi za waganga wa kituo cha afya? Mpendwa, fungua Biblia yako pamoja nasi, ukaone kama Bwana alidharau sahani ya mtoto.

1. BWANA HAKUISHIA KWENYE MUUJIZA

Sisi sote tunaijua habari ya Jairo, mkubwa wa sinagogi, aliyekuwa na binti wa miaka kumi na miwili. Binti alikuwa mgonjwa wa kufa, baba akamwendea Yesu. Wakiwa njiani habari ikaja kwamba amekwisha kufa. Watu wakalia, wengine wakamcheka Bwana. Yeye akawatoa nje, akaingia na wazazi na wanafunzi watatu, akamshika binti mkono, akamwamuru asimame. Binti akasimama, akatembea.

Wengi wetu tunaifunga Biblia hapo, tunapiga vigelegele, tunaimba. Lakini Marko hakuweka kalamu chini hapo. Katika mstari wa mwisho wa sura ile anasema kwamba Bwana alitoa maagizo mawili. La kwanza, watu wasiieneze habari ile. La pili, binti apewe kitu cha kula.

Tulitafakari sana neno hili. Yeye aliyerudisha roho ya binti mwilini, je, angeshindwa kumshibisha kwa neno moja? Hakushindwa. Lakini hakufanya hivyo. Kazi ya kufufua aliifanya mwenyewe, kazi ya sahani akawaachia wazazi. Wakati watu wote walikuwa wamepigwa na ushangao, Yeye peke yake alikumbuka kwamba mtoto aliyelala mgonjwa ana njaa.

Basi anayesema, "Tumemwombea mtoto, inatosha," amesoma nusu ya sura. Amepokea agizo la kwanza la Bwana, agizo la mwisho ameliacha chini.

2. BWAKI SI UCHAWI

Katika kanisa letu tunaamini maombi, tunaamini kwamba Mungu anaponya. Kwa sababu hiyo wamama wengi wanatuletea watoto wagonjwa, nasi tunamshukuru Mungu kwa imani yao. Lakini kati ya watoto hao wamo wale waliovimba miguu, waliobadilika nywele zikawa nyekundu na nyepesi, wenye ngozi inayobambuka, wasiocheka wala kucheza, wasiotaka kula. Huo ndio ugonjwa ambao wengi katika Kivu wanauita bwaki, na waganga wanauita kwashiorkor.

Neno kwashiorkor si la Wazungu. Ni neno la Kiafrika, la lugha ya Kiga ya nchi ya Ghana, ambayo zamani iliitwa Gold Coast. Daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, alikuwa akitibu watoto kule, akaandika juu ya ugonjwa huu mwaka 1933, na mwaka 1935 akautangaza kwa jina hilo alilofundishwa na wamama wenyewe. Walikuwa wakisema ni ugonjwa unaompata mtoto wakati mdogo wake anakuja nyuma yake. Ona hekima ya wamama wale! Walikuwa wamekwisha kuona kwamba mtoto anaumwa kwa sababu ameondolewa kwenye titi mapema, na mahali pa maziwa amewekewa uji wa mahindi mtupu.

Sasa, huku kwetu, mtoto akivimba, mara nyingi maneno gani yanasikika? Moja anasema ni nyanya yake aliyemwangalia vibaya. Mwingine anasema mama alivunja mwiko, au baba alikwenda nje ya nyumba. Mama maskini, ambaye tayari analia kwa ajili ya mtoto, anawekewa tena mzigo wa aibu. Mzee wa watu anaitwa mchawi. Na wakati watu wanatafuta mwenye kosa, mtoto anaendelea kuvimba. Wapendwa, msitafute mchawi mahali ambapo hamjatafuta chakula. Kumsingizia mtu uchawi ni ushuhuda wa uongo, na Mungu ameukataza katika zile amri kumi.

Kuna jambo lingine linalodanganya. Mtoto wa bwaki anaweza kuonekana mnene, mashavu yamejaa, na watu wakamsifu mama. Kumbe ni maji chini ya ngozi. Jaribu hivi: bonyeza kwa kidole gumba juu ya mguu, karibu na vidole, kwa muda wa kuhesabu sekunde tatu, kisha ondoa. Fanya vivyo hivyo mguu wa pili. Shimo likibaki miguu yote miwili, usingoje siku ya Mungu, usingoje nabii arudi kutoka safari. Mpeleke mtoto kwenye kituo cha afya siku ile ile.

Kwa hiyo tunasema wazi, ili kila mchungaji, kila shemasi na kila mwenye karama ya maombi asikie. Mtoto aliyekonda au aliyevimba asilazwe katika nyumba ya maombi akingojea, kabla hajapimwa. Mwombeeni akiletwa, mwombeeni akienda, mwombeeni akiwa kule. Maombi hayafungwi na ukuta wa hopitali. Wala mtoto asifungishwe chakula, wala mama mwenye mimba, wala mama anayenyonyesha. Mmoja atasema, "Nabii Yoeli hakuita hata watoto wachanga wakati wa kufunga?" Ndiyo, Yoeli aliwaita waje kwenye kusanyiko pamoja na watu wote. Lakini soma vizuri: hakusema wanyimwe titi.

3. MSHAHARA WA MAMA YA MUSA

Sasa tuje kwa wale wanaoona aibu kupokea msaada, na wale wanaosema kwamba chakula cha wageni ni mtego.

Musa alipozaliwa, mfalme alikuwa ameamuru watoto wanaume wa Kiebrania wauawe. Mama yake akamficha miezi mitatu, kisha akamweka katika kikapu kando ya mto. Binti wa Farao akamwona, akamhurumia. Dada ya mtoto akatoka, akauliza kama atafute mama wa kumnyonyesha, akamwita mama mzazi mwenyewe. Na binti wa Farao akamwajiri, akampa mshahara ili amnyonyeshe mtoto.

Angalieni, wapendwa. Mama maskini, wa watu walioteswa, ananyonyesha mtoto wake mwenyewe, na gharama inatoka katika nyumba ya mgeni. Mungu hakuona aibu kwa njia hiyo. Maziwa yalikuwa ya mama, nyimbo za kumbembeleza zilikuwa za mama, imani aliyofundishwa ilikuwa ya mama. Mgeni alitoa mshahara tu. Na kutoka kwenye mshahara ule Mungu alilea mwokozi wa taifa zima.

Tena ona kwamba aliyelipwa ni mama. Anayetaka kumlea mtoto mchanga, amlishe kwanza mama yake. Waganga wanatufundisha kwamba siku elfu moja za kwanza, tangu mimba inapoingia mpaka mtoto anapotimiza miaka miwili, ndizo zinazojenga mwili na akili yake. Miezi sita ya kwanza titi peke yake linatosha, bila maji, bila uji. Baada ya hapo chakula kinaongezwa, na titi linaendelea mpaka miaka miwili au zaidi. Lakini titi hilo linatoka kwa nani? Kwa mama ambaye asubuhi amekwenda shambani bila kula, mchana amebeba kuni, jioni anakula cha mwisho, akila kilichobaki kwenye sufuria. Wababa, tunawauliza mbele ya Mungu: mnyama mnayemkamua maziwa, mnamnyima majani?

Msaada unaotolewa katika vituo vyetu vya afya unafuata mpango wa taifa wa lishe, unaoitwa PRONANUT, na mashirika kama UNICEF na PAM yamekuwa yakileta vyakula. Mwuguzi anafunga utepe wenye rangi tatu katikati ya mkono wa juu wa mtoto mwenye miezi sita mpaka miaka mitano. Mkono ukiwa milimita 125 au zaidi, ni rangi ya kijani. Kati ya 115 na 125, ni rangi ya manjano, mtoto ameanza kupungua. Chini ya 115, ni nyekundu, mtoto yuko katika hatari ya kufa. Utepe hauulizi kabila, hauulizi dini, hauulizi kama baba ni mwenyeji au mkimbizi. Mama mwenye mimba na mama anayenyonyesha naye anaweza kupimwa mkono.

Mtoto wa rangi nyekundu ambaye bado anataka kula, tena hana homa wala ugonjwa mwingine mkubwa, anapewa vifuko vya Plumpy'Nut, anakula nyumbani, anarudi kupimwa. Yule aliyekataa kula, au mwenye homa kali, au aliyevimba sana, analazwa hopitalini na kupewa maziwa ya dawa. Ndani ya kifuko hakuna siri. Ni karanga, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Kina gramu 92 na nguvu ya kalori 500. Kilitengenezwa mwaka 1996 na Wafaransa wawili, daktari André Briend na Michel Lescanne. Zamani mtoto alipewa maziwa ya kuchanganya na maji, ikambidi mama akae kwenye kituo majuma mengi, wakati nyumbani ameacha wengine. Chakula hiki hakichanganywi na maji wala hakipikwi, basi hata mama aliyekimbia na kulala chini ya hema anaweza kumlisha mtoto bila kuogopa maji machafu. Mama amnyonyeshe kwanza anayenyonya, ndipo ampe kifuko, na maji safi ya kunywa yawe karibu.

Anayesema kitu hicho ni cha shetani, atuonyeshe tangu lini shetani anaponya watoto wa maskini bila malipo.

4. MANA ILIPIMWA KWA HESABU YA WALAJI

Israeli walipokuwa jangwani Mungu aliwapa mana. Lakini hakusema kila mmoja achote kwa nguvu zake. Aliagiza kipimo kimoja kwa kila kichwa, kwa hesabu ya watu waliomo hemani. Aliyekusanya nyingi hakuzidishiwa, wala aliyekusanya kidogo hakupungukiwa. Na wale walioficha kwa ajili ya kesho, ikatoa mabuu na kunuka.

Kifuko cha mtoto ni mana ya kichwa kimoja. Ni dawa. Mganga akikupa vidonge vya malaria kwa ajili ya mtoto mmoja, huwezi kuvigawa kwa nyumba nzima ukatumaini kwamba mgonjwa atapona. Tuhesabu pamoja. Mtoto wa kilo 7 anahitaji kama vifuko 3 kwa siku, ni kusema 21 kwa juma. Kama nyumbani kuna watoto 5 nao wanagawana sawasawa, mgonjwa atapata 4 tu kwa juma nzima. Mama atarudi kituoni, mkono wa mtoto haujaongezeka, na watu watasema dawa haifanyi kazi.

Lakini, ndugu wapenzi, hapa hatutaki kumpiga mama peke yake kwa fimbo. Jiwekeni mahali pake. Amekaa mlangoni na mtoto mmoja mikononi, anakula kitu kitamu kinachonukia karanga, na wengine wanne wamesimama wanaangalia, wao nao tangu jana hawajala vizuri. Ni mama gani ambaye moyo wake hautapasuka? Atavunja kifuko, atagawa. Na yule aliyekiuza sokoni, labda alitaka kununua chumvi na unga wa wote. Kanisa linaloona hayo na kuhubiri tu "msigawe, msiuze" limewafunga watu mizigo, nalo halitaki kuigusa hata kwa kidole.

Neno letu ni hili: fungu la mgonjwa litakuwa salama siku ile tutakapojaza sahani ya wale wengine wanne. Kazi hii ndiyo kazi ya ushemasi tangu mwanzo. Soma Matendo 6. Katika kanisa la Yerusalemu wajane wa upande mmoja walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku, yakatokea manung'uniko. Mitume hawakusema ni mambo ya dunia. Walichagua watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima, wawekwe juu ya meza. Mmoja wao alikuwa Stefano. Kugawa chakula kwa haki kulihitaji watu waliojaa Roho.

Kwa hiyo, wazee wa kanisa, mnapoombwa kutoa majina ya walio na shida, msianze na majina ya ndugu zenu. Mama asiye mshiriki wetu aandikwe pamoja na mshiriki. Mkimbizi aliyefika jana aandikwe pamoja na mwenyeji. Na mtu yeyote anayemwomba mama fedha, au anayeutaka mwili wake, ili aandike jina lake kwenye orodha, huyo ameiba katika kinywa cha mtoto. Asifichwe kwa sababu anavaa kanzu nyeupe pamoja nasi. Mama asikilizwe, na mkosaji apelekwe mbele ya sheria.

5. MANA ILIKOMA

Kuna mstari mmoja katika Yoshua 5 ambao hatupendi kuhubiri. Israeli walipoingia katika nchi na kula mazao yake, kesho yake mana ikakoma. Miaka arobaini ilikuwa ikishuka, siku moja haikushuka.

Katika mwaka 2025 tuliona jambo linalofanana na hilo, lakini sisi tulikuwa bado jangwani. Serikali ya Marekani, iliyokuwa mtoaji mkubwa kuliko wote wa misaada ya dharura katika nchi yetu, ilikata sehemu kubwa ya misaada yake. Tena ilikuwa mwaka ule ule ambao mji wa Goma ulianguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari, na wataalamu walihesabu kwamba watu karibu milioni 28 katika Kongo walikuwa na upungufu mkubwa wa chakula. Binti wa Farao anaweza kufunga mfuko wake wakati wowote. Mungu hafungi wake, lakini mfuko wa Mungu mara nyingi uko mikononi mwa watu wake.

Hatusahau kwa nini tuna njaa katika nchi yenye mvua na udongo mweusi. Tangu Oktoba 2014 wauaji wamekuwa wakiwaangukia watu wa teritware ya Beni, mashambani na majumbani. Tarehe 29 Novemba 2015 waasi wa ADF walishambulia Eringeti yenyewe, na hata wagonjwa waliokuwa kwenye kituo cha afya waliuawa. Watu wengi waliacha maharagi hayajavunwa na mihogo ndani ya udongo, wakakimbia na nguo za mwilini. Mama anayelala Oicha kwa jamaa zake, ambaye shamba lake liko mahali pasipofikika, si mvivu. Asiambiwe na mtu kwamba akalime.

Lakini tunasema na wababa ambao Mungu bado amewaachia shamba. Kakao imeenea kwetu. Wazee wanakumbuka jinsi kahawa ilivyokauka kwa ugonjwa katika miaka ya 1990, ndipo wengi wakashika kakao. Ni baraka, hatuikatai. Katika mwaka 2024 bei yake katika masoko ya dunia ilipita dola 10,000 kwa tani, mwaka 2025 ikashuka tena. Wakati wa bei nzuri mabati mapya yaliwaka juu ya nyumba, na pikipiki mpya zikapita. Lakini mtoto hali kakao. Mahali palipokuwa na maharagi, soja na mahindi ya mama, leo kuna kivuli cha kakao ya baba, na fedha ikija inapita mikononi mwa baba peke yake. Bati jipya juu, na chini ya bati mtoto mwenye nywele nyekundu! Paulo alimwandikia Timotheo kwamba asiyetunza watu wa nyumbani mwake ameikana imani. Baba wa namna hiyo anaweza kutoa sadaka kubwa, anaweza kukaa kiti cha mbele. Mbele za Mungu bado ana deni.

Basi tunawaomba mambo mawili. Kwanza, kila anayepanda kakao aache sehemu ya shamba wazi kwa chakula cha nyumba, wala asiiguse hata bei ikipanda namna gani. Pili, kila akiuza gunia, kabla ya deni la pombe, kabla ya nguo, kabla ya simu, atoe fungu la sufuria ya watoto, amkabidhi mama, na mama aamue atakalonunua.

Na chakula chenyewe hakiko mbali. Elisha alimwuliza mjane mwenye deni ana nini nyumbani. Nasi tunawauliza, wamama wetu: mna nini? Mahindi, mtama na soja, vikikaangwa vizuri na kusagwa, vinatoa ule unga ambao wengi wanauita masoso. Soja ikaangwe kabisa, kwa maana soja mbichi inasumbua tumbo. Ongeza karanga zilizotwangwa au kijiko cha mafuta ya mawese, na uji wa mtoto uwe mzito, usiwe maji. Kuna sombe, kuna lengalenga, kuna maharagi yaliyopondwa na kuondolewa maganda, ndizi, avoka, papai, ndagala za kusaga na kuchanganya katika mboga. Na yai la kuku wako, usiuze yote. Kuna nyumba ambamo bado wanasema yai ni mwiko kwa mtoto na kwa mama mwenye mimba, na paja la kuku ni la baba. Katika Biblia yetu hatukuona mwiko huo.

6. MAMBO TUNAYOIAGIZA KILA PARUASI

Ili maneno haya yasibaki kwenye karatasi, tunaomba kila paruasi ifanye hivi.

Wamama wawili wachaguliwe, wajifunze kwa waganga kufunga ule utepe na kubonyeza miguu, na kila mwezi wawapime watoto wote wadogo wa kartie, wa kanisa na wasio wa kanisa. Tangazo la siku ya kupima watoto kwenye kituo cha afya lisomwe pamoja na matangazo ya ibada. Mama asiye na wa kumwachia wengine apate mama mwenzake wa kumkalia nyumbani siku ile.

Kila juma, pamoja na sadaka, kuwe kikapu cha meza ya watoto: kopo la maharagi, la soja, la karanga, chupa ya mafuta. Mashemasi wakipeleke katika nyumba ambayo mtoto yuko kwenye matibabu, ili wale ndugu zake wale, na kifuko kibaki cha mgonjwa.

Mahali ambapo kuna usalama, vijana wafanye salongo siku moja kwa juma katika shamba la wajane na la wakimbizi, karibu na nyumba, pasipo kuingia msituni. Soja na maharagi yapandwe kwanza.

Na ninyi wababa, kaeni na wake zenu siku ya kupima. Mkimbebe mtoto wenyewe. Hata Jairo alikuwa mkubwa, lakini alitoka nyumbani kwake mbele ya watu wote, akaanguka miguuni pa Bwana kwa ajili ya binti mdogo. Na agizo la kumpa binti chakula lilipotoka, Jairo alikuwamo ndani ya chumba. Aliambiwa yeye na mke wake, si mke peke yake.

TUOMBE

Ee Mungu wetu, Baba wa yatima na mtetezi wa wajane, wewe unawajua watoto wa Eringeti mmoja mmoja, waliolala wameshiba na waliolala wakilia. Uwatie nguvu wamama katika mimba na katika kunyonyesha. Uwafungue wababa mikono. Uwape waganga wetu uvumilivu, na dawa zisiwapungukie. Uwarudishe waliokimbia kwenye mashamba yao, uwavunje wenye kuwinda watu. Na sisi tunaoliitia jina lako kwa sauti kubwa, utupe masikio ya kusikia agizo lako la mwisho katika nyumba ya Jairo, na mikono ya kulitimiza leo, kabla jua halijatua.

Amani ya Bwana ikae katika nyumba zenu. Amina.